Ndege ya Vita, Si Ndege wa Vita

Kwale, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Nimwaka,

Salamu utakuwa umeshazipata kwa mdomo, maana bahasha hii nitampa mjomba wako akukabidhi gari la moshi likishaondoka Mombasa, si kabla. Mambo ya mswaki, ya kuswali ukiwa umelala, ya kutopokea vitu kwa watu usiowajua, mama yako ameyasema kutwa nzima na sina la kuongeza. Mimi naandika yale ambayo ningekuambia njiani lau ningekuwa nimekaa kando yako.

Leo mchana ulipoambiwa kwamba si mimi nitakayekupeleka Nairobi, ulinitazama ukasema, "Baba, waogopa." Baada ya hapo hukusema nami tena, hata chakula kilipoandaliwa. Mama yako alitaka kukukanya, nikamwashiria akuache. Hukunivunjia heshima. Kuogopa naogopa, na sidhani kuna mtu Kwale asiyelijua hilo. Lakini hiyo siyo sababu ya mimi kubaki, na sitaki ulazwe kwenye kitanda cha hospitali ukiamini kwamba ndiyo.

Nitaeleza kwa utaratibu, pamoja na yale unayoyajua, kwa kuwa huenda ukaisoma tena barua hii ukiwa mtu mzima na mengi umeyasahau.

Uoga wangu ni wa zamani. Wakati wa vita nilikuwa kijana pale kwetu Diani, mkubwa kukupita wewe sasa kidogo tu. Ndege za vita zilikuwa zikiruka kutoka upande wa Mombasa, zinapita juu ya minazi, chini kabisa, mpaka makuti ya paa yanatikisika. Watu walitoka nje kuzipungia mikono. Mimi niliingia katikati ya mihogo nikalala kifudifudi. Babu yako akaja kunivuta kwa sikio.

"Mpumbavu wewe, toka! Hizo ni zetu!"

Nikamwuliza nikiwa bado chini, "Zenyewe zajua?"

Waliosikia walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile jina langu pale Diani likawa Zajua, na lilinifuata mpaka shuleni. Mjomba wako Omari mpaka leo huniita hivyo akitaka kuniudhi, na sasa umejua lilikotoka.

Mtu mwoga akisoma sana anakuwa karani mzuri. Ofisini barua yangu huisoma mara nyingi kabla haijapelekwa kutiwa sahihi, na ikishakwenda bado huilalia macho nikiiwaza. Sarufi niliipenda kwa sababu ina majibu. Ukiweka kila neno katika ngeli yake, hakuna bwana wala bibi wa kukukemea. Nilijificha humo kama nilivyojificha kwenye mihogo, ila huku nikapewa mshahara.

Kisha ukaja ugonjwa wako. Ulikuwa bado hujaanza chuo cha Kurani. Homa ilikushika, ikakuachia, na ilipokuachia mguu wa kulia ulikuwa umelegea kama si wako. Kisigino kikapanda juu, ukawa unakanyagia vidole. Watoto wenzako walikuwa wakiruka kamba nje na wewe ukiwahesabia. Mimi nilikupeleka shule kwa baiskeli na kukurudisha, na jioni nilikaa nawe bila kujua tufanye nini. Hapo ndipo lilipofika lile boksi.

Yule bwana mkubwa wetu wa zamani pale ofisini, aliyekuwa rubani vitani, alikuwa anarudi kwao Ulaya. Vyombo vyake vingine aliwagawia watu. Mimi aliniita akanipa boksi la kadi lenye picha ya ndege ubavuni, akasema alikuwa amelinunua kwa ajili ya mwanawe, na mwanawe hakulitaka. Nilidhani ni biskuti. Nilipolifungua nyumbani, ndani mlikuwa na vipande vya bati jepesi vilivyokatwa na kutobolewa kiwandani, skrubu na nati ndogo kama punje za mtama, bisibisi moja ya kitoto, na karatasi kubwa ya maelezo kwa Kiingereza. Ukiviunganisha vyote vinakuwa ndege ya vita, ya urefu wa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Jina lake Hariken. Mama yako akasema, "Hariken si ile taa?" Wewe ukacheka, na ulikuwa hujacheka muda mrefu, kwa hiyo nikaamua ile ndege tutaiunda.

Unakumbuka nilivyoanza vibaya. Nilikataza mtu kugusa chochote mpaka niwe nimeitafsiri karatasi yote. Nikakaa jioni baada ya jioni nikitafuta maneno. Pangaboi nililipata kwa urahisi, kwa sababu ndilo jina la kile kipepeo cha mbele kinachozunguka. Lakini kile kijumba cha rubani kilinisumbua sana, nikaandika "chumba", nikafuta, nikaandika "kiti chenye kioo", nikafuta. Nilipomaliza nilikuwa na kurasa zilizoandikwa kwa mwandiko safi kabisa. Nikaja mezani kukusomea. Nikakuta umeshaunganisha mkia kwa kutazama picha tu, tena ukizitazama kichwa chini miguu juu, maana ulikuwa umekaa upande wa pili wa meza.

Nilipaswa kufurahi. Nikakuuliza nani amekupa ruhusa.

Kosa la pili lilikuwa la nati. Chini kabisa ya karatasi ile waliandika kwamba nati zisikazwe hata moja mpaka vipande vyote viwe mahali pake. Sentensi hiyo niliitafsiri vizuri sana. Sikuifuata. Mimi kitu kinachocheza hunikosesha raha, kwa hiyo kila skrubu iliyoingia niliikaza mpaka vidole vikauma. Tumbo la ndege likawa gumu kama jiwe, nikajisifu. Tulipofika kwenye mabawa, la kulia liliingia, la kushoto likakataa. Matundu yalipishana kidogo tu, kiasi cha unywele. Nikasukuma. Nikapinda bati, halikuingia. Nikalipinda upande wa pili. Bati ukilikunja mara moja hutii, lakini ukilikunja huku na huku linachoka, na lile lilichanika mkononi mwangu.

Wewe ukasema, "Umemkaza mno, Baba. Hawezi kupumua."

Nami, badala ya kusikia ulilosema, nikakujibu, "Ume-i-kaza. Haiwezi. Ndege hii ni chombo, si kiumbe."

"Ndege wangu."

"Ndege yangu."

"Si yako, wangu mimi!"

Mama yako alikuwa jikoni anakuna nazi, akapaza sauti, "Mpe mtoto ndege wake, nawe shika yako!" Nikaona aibu, nikakupa bisibisi. Ukazilegeza nati zote, moja baada ya moja, ndege nzima ikawa inachezacheza kama meno ya mtoto. Bawa lililochanika ukalitia kipande cha bati la kopo kwa ndani. Likaingia. Ndipo ukaanza kukaza, huku kidogo na huku kidogo, ukizunguka ndege nzima na kurudi tena, bila kumaliza mahali pamoja. Mimi nilikaa nikakutazama mikono. Nimekuwa karani miaka kadhaa na sijawahi kufanya kazi kwa utulivu ule.

Kwa rangi nyekundu ya zile duara zinazochorwa mabawani ulitumia rangi ya ukili ya mama yako, ile anayotia kwenye mikeka. Haikushika vizuri kwenye bati. Kila aliyeigusa ndege aliondoka na kidole chekundu. Nalitaja hili kwa sababu ya sajini.

Unajua siku hizi za Hali ya Hatari zilivyo. Huku pwani tumekaa salama, lakini huko bara watu wanachukuliwa, na ofisini kwetu hupita karatasi ambazo nikizisoma huzifunika upesi. Sasa mama yako, kwa kujivuna tu, aliwaambia wenzake kisimani kwamba mumewe anaunda ndege. Maneno yakatembea. Siku moja alasiri nikasikia hodi, nikafungua, nikamwona sajini wa polisi na askari mmoja nyuma yake.

"Bwana karani, hujambo?"

"Sijambo, sajini. Karibu."

"Tumesikia mna ndege wa vita humu ndani."

Mwanangu, mtu yeyote mwenye akili zake angenyamaza. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe nikasikia ukisema, "Si wa vita, sajini. Ni ya vita."

Akanitazama. Nikajua nimekosea mahali, sikujua wapi. Baadaye ndipo nilipoelewa. Yeye alikuwa anatafuta jogoo. Kulikuwa na watu upande wa Matuga waliokuwa wakipiganisha majogoo kwa kamari, na aliyepeleka habari alisema nyumbani kwa karani mna ndege wa vita. Yule mtu wa kisimani alilisikia neno moja na kulibeba na ngeli nyingine. Ningesema "Hapana, sajini, sifugi kuku," angekunywa maji akaenda zake. Mimi nikamsahihisha Kiswahili chake, na kwa kumsahihisha nikakiri kwamba nina ndege ya vita, katika siku ambazo mtu hukamatwa kwa kuwa na panga jipya.

"Ya vita?" akasema.

"Ya vita," nikasema. Sikuweza hata kusema uongo.

"Iko wapi?"

Nawe ukajibu kutoka ndani, kwa sauti ya furaha, "Iko mezani!" Siku hiyo ndiyo uliyochagua kusema kwa ngeli niliyokufundisha.

"Yaruka?"

"Bado."

Nilishika mwimo wa mlango. Sajini akaingia, akaitazama ile ndege, akakutazama wewe na mguu wako umeuweka juu ya kigoda, akavua kofia. Akakaa. Akasukuma pangaboi kwa kidole, likazunguka. Akasema alikuwa askari Bama, huko Asia, wakati wa vita, na ndege kama hizi zikiwapitia juu wao wakirusha kofia hewani. Akakuuliza nani aliyefunga magurudumu. Ukasema ni wewe. Akaulizia bawa lenye kiraka, ukasema hilo ni baba. Akacheka, na yule askari wake akacheka, mama yako akaleta kahawa. Alipokuwa anatoka, kidole chake kikiwa chekundu, alinisogelea akaniambia polepole, "Bwana karani, siku nyingine mtu akikosea Kiswahili, mwache akosee."

Nimelifikiria sana neno lile. Nilikuwa nakusahihisha wewe kila siku. Ulipokuja kuniambia kwamba wenzako wamekuita jina baya kwa ajili ya mguu, ulisema neno moja kwa ngeli isiyo yake, na mimi nilianza kwanza kulisahihisha lile neno. Ukaacha kuniambia. Ndege ndiyo iliyonirudisha kwako, kwa kuwa tukiwa mezani mikono ilikuwa na kazi na mdomo wangu ulipumzika. Boksi la pili nililileta mwenyewe kutoka Mombasa, na karatasi yake sikuitafsiri. Sijakwambia kwa nini. Nilitaka uendelee kunieleza wewe.

Sasa nije kwenye mguu.

Daktari wa Mombasa alituambia Nairobi kuna mganga mkubwa anayenyosha miguu iliyopatwa na ugonjwa kama wako. Watakulaza usingizi wa dawa. Watapasua nyuma ya kisigino, warefushe mshipa uliojikunja, wafunge mguu kwa plasta, ukae nayo muda mrefu, kisha upewe kiatu chenye vyuma viwili vinavyopanda mpaka gotini. Ukamwuliza kama vyuma hivyo vina nati. Daktari akacheka akasema vina skrubu. Ukasema, "Basi nitazikaza mwenyewe." Itauma, Nimwaka. Usingizi ukikutoka itauma, na siku za kwanza zitakuwa mbaya kuliko zile za baadaye. Sikutaka uyasikie hayo kwanza kwa mtu mwingine.

Tulirudi kutoka Mombasa nikiwa na furaha, na kwa furaha ile nikafanya kosa ambalo limenigharimu nafasi yangu katika safari hii. Nilikwenda ofisini nikamwandikia mjomba wako barua. Unajua kwetu Udigoni mtoto ni wa upande wa mama, na jambo kubwa la mtoto haliendi bila mjomba. Nilijua vizuri. Lakini nilipanga kila kitu kwanza, daktari, siku, gari, barua ya kulazwa, nikakaza kila nati kwa mkono wangu, halafu ndipo nikamwandikia: "Ninakuarifu kwamba." Sikumwachia hata tundu moja la kuingilia. Na mjomba wako hajui kusoma, ikabidi asomewe na mwenye duka pale kwao Msambweni, watu wamekaa barazani wanasikiliza.

Alikuja siku ya pili yake na gunia la madafu begani. Hakulitua. Alisimama nalo mlangoni, na mama yako alipomwamkia, "Shikamoo kaka," aliitikia bila kumtazama.

"Nimekuja kuarifiwa," akasema. "Nasikia kuna mtu huku anaarifu watu. Niarifu sasa, nimesimama."

"Shemeji, karibu kwanza ndani."

"Zajua, wewe hata kuku huchinji mpaka umwombe radhi, leo umepata wapi ujasiri wa kumpasua mtoto wa dada yangu?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa mpango, na nilipoona haingii nikachukua ndege kutoka mezani nikamwonyesha mguu wa gurudumu. Nikamwambia mguu ukifungwa vibaya hauwezi kunyooka kwa kusukumwa, lazima ulegezwe kwanza, ufunguliwe, ufungwe upya. Nilidhani ni mfano mzuri.

Akatua gunia. Akasema, taratibu kabisa, "Mtoto si bati."

Ni kweli, wewe si bati, na nilimwona mama yako akigeuza uso ukutani. Mjomba akatoka akaenda kukaa kwa jirani, akasema hatakwenda mtu Nairobi.

Pale ofisini walikuwako walionishauri niende kwa Kadhi. Kwa sheria ya dini mtoto ni wa babake, wakasema, utashinda asubuhi moja. Huenda ningeshinda. Watu wengine watasema sikwenda kwa uoga, na sitabishana nao, sijui kupima uoga wangu unaishia wapi. Lakini nilimtazama mama yako usingizini nikaona kwamba nikishinda mimi, ameshindwa yeye. Ungekwenda kupasuliwa huku mama yako hasemi na nduguye, na ungerudi kwenye nyumba isiyo na mjomba. Nikaenda kwa jirani bila karatasi yoyote mkononi. Wewe ulikuwa umekaa uwani karibu na ua wa makuti na nadhani ulisikia mwanzo tu, kisha mama yako akakuita. Haya ndiyo usiyoyasikia.

Nilimwambia, "Shemeji, nimekosa kukuandikia. Nilipaswa kuja Msambweni kabla sijaenda kwa daktari."

Akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza kwa sauti, si mimi, si mama yako, si daktari. "Na likienda mrama?"

Nikasema, "Daktari asema ni nadra sana."

"Sikumwuliza daktari."

"Sijui," nikasema. "Sijui nitafanya nini."

"Waogopa?"

"Naogopa kupita kiasi."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani mwanangu yuko mikononi mwa mtu asiyeogopa."

Akanipa nafasi kwenye mkeka. Tukakaa. Hospitali inaruhusu mtu mmoja tu kukaa na mgonjwa, hilo nilimweleza, na nikasema nimeshaomba likizo. Akatikisa kichwa.

"Nitampeleka mimi."

"Shemeji, wewe hujapata kufika Nairobi."

"Nimefika Samburu, ile stesheni yetu ya hapa karibu, kununua mbuzi. Nairobi ni mbele kidogo."

Nilitaka kumwambia si kidogo, nikakumbuka maneno ya sajini, nikamwacha.

Akasema, "Sikiliza, Zajua. Mtoto akirudi anatembea, hatutabishana nani alimpeleka. Likitokea jingine, dada yangu atamtafuta mtu wa kulaumu, kwa sababu watu ndivyo walivyo. Akikulaumu wewe, atakuacha. Mimi hawezi kuniacha. Mimi ni ndugu yake mpaka kaburini, anipende asinipende. Basi lawama na ziwe zangu. Wewe kaa naye."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuja na hasira za kuzuia safari, akaondoka ameibeba begani yeye, pamoja na lile lisilosemeka. Ningeweza kumkatalia. Nilikaa pale kwenye mkeka nikataka kumkatalia, maana mimi ndiye niliyekufuta machozi wakati wa homa, na nilitaka niwe mimi utakayenikuta ukifumbua macho. Bado nataka. Lakini nikaona kwamba nikienda mimi, ninakwenda kwa ajili ya nafsi yangu, na akienda yeye, nyumba yetu itabaki imesimama kwa vyovyote vile. Nikampa mkono.

Basi ndiyo sababu. Kama ni uoga, ni uoga ulionigharimu, na ule mwingine hunilaza kwenye mihogo bila gharama.

Sitakupa mausia mengi. Nitakuambia tu habari za mtu unayesafiri naye, maana unamjua kwa madafu na mizaha na hujamjua akiwa mgeni. Mjomba wako hajalala katika nyumba ya ghorofa. Hajui Kiingereza, na hapendi mtu ajue kwamba hasomi. Mtakapofika stesheni, soma vibao kwa sauti kama unajifurahisha, atasikia na atajua pa kwenda. Akiulizwa jambo na mwuguzi akakaa kimya, jibu wewe, kisha umgeukie useme, "Si ndivyo, mjomba?" Atasema ndivyo. Leo mchana alikuja kuniuliza, kwa mzaha, kama huko Nairobi baridi huua watu. Nikamwazima koti langu la kazini. Akitetemeka si baridi peke yake. Mshike mkono, atadhani yeye ndiye aliyekushika.

Na siku ya kupelekwa chumba cha kupasuliwa, watauliza mzazi wa mtoto ni nani. Hilo huulizwa kila mahali, mimi nafanya kazi ofisini najua. Mjomba atanyamaza. Namjua, atanyamaza kwa heshima yangu, atasubiri wewe ulitaje jina langu. Usilitaje, Nimwaka. Mwonyeshe kwa kidole, mbele ya watu wote, useme, "Ni huyu." Ruhusa nimekupa mimi, na nimekupa kwa maandishi.

Baba yako